Muhtasari Mmoja, Vitabu Vingi

Tahakiki kwa desturi yetu hufanywa juu ya riwaya, tamthilia au diwani ya mashairi. Mimi hapa nataka kuhakiki maandishi ya namna nyingine: mkataba ulioanza kutungwa na wanafizikia wa Ulaya na Marekani mwaka 1999, ili programu zao za kompyuta za kuchambulia data ziweze kusikilizana. Mkataba huo huitwa AIDA, herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya violesura dhahania vya uchambuzi wa data. Naamini msomaji asiye mwanafizikia anaweza kunifuata bila taabu. Swali lililomo ndani yake huwahusu watu wowote wanaofanya kazi moja kwa zana mbalimbali: je, wapatane kwanza juu ya maneno ndipo zana zitengenezwe, au zana zitangulie na maneno yafuate?

Kwanza tulifafanue neno lenyewe. Kiolesura ni mahali pa kukutania. Soketi ya umeme ukutani ni kiolesura. Aliyeunda pasi hamjui aliyejenga nyumba, lakini kwa kuwa wote wawili wamefuata kipimo kimoja cha matundu, pasi hupata moto. Katika kompyuta, kiolesura ni orodha ya maagizo ambayo programu moja inaruhusiwa kuipa nyingine, pamoja na ahadi ya jibu litakalorudi. Orodha hiyo yenyewe haifanyi kazi yoyote, kama vile matundu ya ukutani yasivyotoa umeme mpaka kuwe na waya nyuma yake. Ndiyo maana huitwa dhahania.

Ama kuhusu kazi ya wanafizikia, msingi wake ni kuhesabu. Katika maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ilijengwa mashine iitwayo LHC yenye mzingo wa kilomita 27 ili kugonganisha protoni. Kila mgongano huacha alama katika vigunduzi, na alama hizo hugeuzwa kuwa tarakimu. Mgongano mmoja peke yake hausemi kitu. Mwanafizikia hupima jambo moja, tuseme tungamo la chembe fulani, katika migongano mingi sana, kisha huhesabu ni mingapi iliangukia katika kila sehemu ya kipimo. Matokeo yake ni histogramu, ile grafu ya nguzo ambayo mwalimu yeyote wa hisabati amewahi kuichora ubaoni akionyesha wanafunzi wangapi walipata alama kati ya 40 na 50, na wangapi kati ya 50 na 60. Tangazo la tarehe 4 Julai 2012 kwamba imeonekana chembe mpya inayofanana na ile iliyotabiriwa na Higgs na wenzake lilitegemea nundu ndogo katika grafu za namna hiyo, karibu na GeV 125.

Kwa hiyo histogramu kwa mwanafizikia ni kama jembe kwa mkulima. Kwa muda mrefu jembe hilo lilikuwa moja. Tangu miaka ya 1970 walitumia programu iitwayo HBOOK, iliyoandikwa kwa lugha ya FORTRAN. Mwaka 1986 juu yake ilianza kujengwa PAW, iliyomwezesha mtafiti kukaa mbele ya kompyuta na kuchora grafu papo kwa papo. Zilikuwa zana za kizee zenye masharti ya ajabu. Histogramu, kwa mfano, iliitwa kwa namba badala ya jina, kama mfungwa. Hata hivyo mtafiti wa Hamburg na mtafiti wa Chicago walisema lugha moja.

Katikati ya miaka ya 1990 umoja huo ulivunjika. Mipango ya LHC ilionyesha kuwa FORTRAN ya zamani isingebeba mzigo uliokuwa ukija, na watu wakahamia lugha mpya za C++ na Java. CERN ilianzisha mpango rasmi ulioitwa LHC++, uliokusudia kutumia kwa sehemu kubwa programu za kununua. Mwaka 1995, hapo hapo CERN lakini nje ya mpango huo, René Brun na Fons Rademakers walianza kuandika programu yao waliyoiita ROOT. Brun huyo ndiye aliyekuwa ameandika HBOOK na kushiriki katika PAW. Huko California, katika maabara ya SLAC, ikatengenezwa JAS kwa lugha ya Java. Huko Orsay, karibu na Paris, ikatengenezwa OpenScientist. Baada ya miaka michache kulikuwa na majembe manne au matano, kila moja na mpini wake.

Hapo ndipo AIDA ilipozaliwa, katika warsha iliyofanyika Orsay mwaka 1999. Waandishi wake hawakusema, "Acheni programu zenu, mchukue yetu." Walisema kila mtu abaki na programu yake, ila zote ziitikie maagizo yale yale. Histogramu iwe na agizo moja la kujaza, moja la kuuliza wastani, moja la kuuliza kimo cha nguzo fulani. Mtafiti aandike uchambuzi wake mara moja kwa maneno ya mkataba, kisha auendeshe kwa JAS leo na kwa OpenScientist kesho bila kubadili chochote. Toleo la 3.0 lilitoka mwaka 2002, na mkataba ule ule ukaandikwa kwa C++ na kwa Java.

Mimi niliyeishi miaka mingi kati ya walimu nauona mpango huu kuwa sawa na muhtasari wa somo. Muhtasari husema mwanafunzi ajue nini na kwa mpango gani. Vitabu vya kiada huandikwa na watu mbalimbali, kila mmoja kwa namna yake, na shule huchagua. Mwalimu aliyefundisha vizuri kwa kitabu hiki hapotei akipewa kile, kwa sababu vyote viwili vimetii muhtasari mmoja. Kama wazo, sioni kasoro yake.

Tena mkataba una uzuri wake hata ukiusoma kama maandishi tu. Ndani yake kila kitu kina kazi yake na hakiingilii ya mwenzake. Histogramu huhesabu, mchoraji huchora, na msawazishaji hutafuta mstari unaolingana na nukta. Katika ROOT histogramu hujichora yenyewe, hujisawazisha yenyewe na hujihifadhi yenyewe, kama mwalimu ambaye pia ni karani, mpishi na mlinzi wa shule. AIDA ilikuwa pia na kitu kilichoitwa wingu, ambacho msomaji yeyote aliyewahi kuchora grafu atakipenda. Taabu ya histogramu ni kwamba unatakiwa kuamua mapema itaanzia wapi na kuishia wapi, kabla hujaziona data. Wingu hupokea data kama zilivyo bila kuzigawa, na zikizidi kiasi ndipo hujigeuza kuwa histogramu yenye mipaka iliyotokana na data zenyewe. Hilo ni wazo la mtu aliyewahi kufanya kazi kwa mikono yake.

Mkataba ulipata pia rafiki wa maana. Geant4, programu inayoiga mwendo wa chembe ndani ya vitu, ilitolewa kwa umma mwishoni mwa mwaka 1998, na imetumika mbali nje ya fizikia ya chembe, katika mahesabu ya mionzi ya hospitali na ya vyombo vya anga. Wenye Geant4 hawakutaka kumlazimisha mtumiaji achukue programu fulani ya grafu, kwa hiyo mifano yao kadhaa iliandikwa kwa maneno ya AIDA.

Pamoja na sifa zote hizo, mkataba haukushinda. Kuna wanaosema ulishindwa kwa sababu ROOT ilikuwa na nguvu kuliko wenzake. Ni kweli, lakini jibu hilo ni la nusu. Ukiusoma mkataba wenyewe kwa makini utaziona ndani yake sababu nyingine tatu.

Ya kwanza ni urefu wa njia. Tuseme unataka histogramu moja tu. Kwa AIDA ulipaswa kwanza kupata kiwanda cha uchambuzi, ambacho kilikupa kiwanda cha miti, ambacho kilikupa mti wa kutundikia vitu. Ndipo urudi kwenye kiwanda cha kwanza na mti wako mkononi upewe kiwanda cha histogramu, ambacho hatimaye kilikupa histogramu. Kwa ROOT uliandika mstari mmoja. Naelewa kwa nini ilikuwa hivyo: kiolesura dhahania hakiwezi kujitengeneza, kwa hiyo lazima pawe na mlango ambapo mtengenezaji huchaguliwa. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajui hilo. Anachokiona ni mtu anayehitaji kipande cha chaki akiambiwa alete kwanza barua tatu. Mkataba ulitungwa kwa macho ya mwenye kuandika programu, na mwenye kuitumia akasahauliwa mlangoni.

Ya pili ni kwamba pale maneno yalipohitaji uamuzi, uamuzi haukuwasaidia wasemaji. Nitatoa mifano miwili. Kila histogramu ina vyumba vyake vya kuhesabia, na pembeni ina vyumba viwili vya ziada: cha waliopungua kiasi na cha waliozidi kiasi. ROOT hukiita cha waliopungua namba 0, vyumba vya kawaida huanzia 1, na cha waliozidi hufuata mwishoni. AIDA ilianzia vyumba vya kawaida kwenye 0, kisha ikakipa cha waliopungua namba -2 na cha waliozidi namba -1. Kila utaratibu una hoja yake. Lakini mtu akihamisha kazi kutoka huku kwenda kule na kusahau tofauti hiyo, grafu yake yote husogea chumba kimoja, na kompyuta hailalamiki. Kosa linalopiga kelele hurekebishwa asubuhi ile ile. Kosa la kimya huweza kufika hadi kwenye chapa.

Mfano wa pili ni neno RMS. Kwa maana yake kamili ni kipeuo cha pili cha wastani wa miraba ya namba zenyewe. Lakini katika HBOOK, PAW na ROOT neno hilo lilitumika kutaja mchepuo wa kawaida, ambao hupimwa kutoka kwenye wastani. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na kila mwalimu wa takwimu anajua. AIDA ilikuwa na nafasi ya kusafisha neno hilo, lakini ililichukua kama lilivyokuta. Miaka mingi baadaye ROOT yenyewe ndiyo iliyobadili maandishi kwenye kisanduku chake cha takwimu na kuandika mchepuo wa kawaida. Mkataba wa lugha usipothubutu kusahihisha neno baya, na mahali pengine ukabadili hesabu iliyozoeleka, umebeba hasara za pande zote mbili.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi: mkataba ulijali zaidi namna ya kuuliza kuliko kitu gani kihifadhiwe. Nichukue mfano wa darasani. Mkondo mmoja una wanafunzi 20 na wastani wao ni alama 60. Mkondo mwingine una wanafunzi 40 na wastani wao ni 45. Wastani wa wote ni ngapi? Anayeziona namba za wastani peke yake atajibu 52.5. Jibu sahihi ni 50, lakini huwezi kulipata mpaka ujue idadi ya wanafunzi wa kila mkondo. Rivet ni programu ya kulinganisha nadharia na majaribio, na kwa miaka kadhaa ilitumia AIDA. Mwishoni mwa kazi histogramu zake ziliandikwa kuwa nukta tu: kimo na kiwango cha mashaka. Jumla zilizozaa nukta zile hazikuwemo. Mtafiti aliyeendesha hesabu yake katika kompyuta kumi kwa pamoja alipata mafaili kumi ambayo hakuweza kuyaunganisha kwa uaminifu. Mwaka 2013 Rivet ilihamia mtindo wake yenyewe uitwao YODA, unaohifadhi jumla hizo. Geant4 nayo, kuanzia toleo la mwishoni mwa mwaka 2011, ilianza kubeba zana zake ndogo za histogramu.

Wakati huo ROOT ilikuwa imeenea. Fermilab ya Marekani iliichukua mwaka 1998, na majaribio ya LHC yakafuata. Hapa nakumbuka historia ya lugha yetu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipotafuta Kiswahili cha kufundishia katika Afrika Mashariki, haukubuni lugha mpya kwa kuchukua neno hapa na neno pale katika kila lahaja. Ulichukua Kiunguja, lahaja iliyokuwa tayari midomoni mwa watu na iliyokwisha kusafiri bara. Wenye Kimvita walikuwa na malalamiko yao, na hayakukosa haki, kwani hazina ya ushairi wao ilikuwa kubwa. Lakini lahaja iliyochaguliwa ilikuwa na wasemaji. AIDA ilikuwa sanifu bila wasemaji. ROOT ilikuwa na wasemaji kabla ya kuwa sanifu.

Hata hivyo mfano huo unaikosoa ROOT pia. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya kukitunza Kiswahili Sanifu, ikashughulikia tahajia, sarufi na kamusi, hata mgeni ambaye hajawahi kufika Unguja akaweza kujifunza kwa kitabu. Mafaili ya ROOT kwa muda mrefu hayakuwa na hali hiyo. Walikuwepo wachache waliojaribu kuyasoma kwa Java, lakini kwa watu wengi njia ya kufungua faili la ROOT ilikuwa kuwa na ROOT yenyewe, programu kubwa na nzito. Leo data zilizohifadhiwa kwa mtindo huo zimezidi eksabaiti moja, yaani gigabaiti bilioni moja. Urithi wote huo ulikuwa umefungwa kwa ufunguo mmoja.

Ndiyo maana nasema jambo hili halifai kuachiwa mafundi peke yao. Jaribio lililoitwa JADE lilifanyika Hamburg kati ya mwaka 1979 na 1986. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanafizikia waliona kwamba nadharia imekua na data zile za zamani zinaweza kujibu maswali mapya. Data zilikuwepo, lakini programu za kuzisoma zilikuwa zimeandikwa kwa lahaja za FORTRAN kama SHELTRAN na MORTRAN, ambazo hakuna aliyekuwa akizitumia tena. Ilibidi zifufuliwe. Kazi ilifanikiwa na ikatoa vipimo vipya vya nguvu inayoshikilia kiini cha atomu, kwa sababu baadhi ya watu wa siku zile walikuwa bado hai na walikumbuka. Watu hao wangekuwa wamekufa, nani angesoma?

Upande wa pili ni wa wageni. Mwaka 2014 CERN ilifungua hazina ya data zake kwa umma, na mwanafunzi wa Dodoma au Bujumbura anaweza kuzipakua bure. Mwaka 2016 Shule ya Fizikia ya Afrika, inayohama kutoka nchi hadi nchi, ilifanyika Kigali. Kijana aliyetoka katika shule kama hiyo akirudi kwenye chuo chenye kompyuta chache, tofauti kati ya kiolesura chepesi na kizito ni tofauti kati ya kufanya kazi na kutofanya. Kumpa mtu data asiyoweza kuifungua ni kumkaribisha chakula huku umeficha vyombo.

Miaka ya karibuni imeleta njia ya tatu. Mwaka 2017 ilitokea programu ndogo iitwayo uproot, inayosoma mafaili ya ROOT kwa lugha ya Python bila kuihitaji ROOT yenyewe. Kisha watengenezaji wa zana za Python wakapatana juu ya mkataba mwingine wa histogramu, uitwao UHI. Sehemu yake ya kuchorea grafu ni fupi. Histogramu inatakiwa ijibu maswali machache tu: mihimili yako ni ipi, wewe ni ya aina gani, thamani ziko wapi, mashaka yake ni kiasi gani, hesabu ni ngapi. Anayejibu anakubaliwa. Hapaswi kujiandikisha katika ukoo wowote wala kupita kiwandani. AIDA ilitaka kila programu itangaze kwamba yeye ni mwana wa mkataba, ilhali UHI huridhika na majibu.

Kwa maoni yangu UHI ni mtoto wa AIDA, ingawa haikuchukua jina lake. Imerithi lile wazo la kutenga patano na chombo, ikaacha tamaa ya kupatana juu ya kila kitu kwa mara moja. Muhtasari mzuri wa somo nao huwa hivyo. Niliona mihtasari minene iliyotaka kumwambia mwalimu hata atakachoandika ubaoni, ikabaki kabatini. Iliyodumu ni ile iliyotaja mambo machache ambayo shule zote zilipaswa kuyatimiza, ikamwachia mwalimu mengine.

Hukumu yangu basi ni hii. AIDA ilikosea katika ukubwa wake, katika kumsahau mwanafunzi, na katika kutojali kinachobaki kwenye faili baada ya kazi. Haikukosea katika jambo lake kuu, kwamba ujuzi wa watu wengi usifungwe ndani ya chombo cha wachache. Wanaoicheka leo kwa sababu ROOT ilishinda wangefaa kuusoma tena mkataba wenyewe, kwani sehemu kubwa ya yale wanayoyafurahia katika Python yaliandikwa humo kwanza, kwa maneno mazito kupita kiasi. Na wanaoandika mkataba ujao waanze na maswali mawili: ni mambo gani machache ambayo lazima yafanane, na ni nani, miaka 30 kutoka sasa, atakayefungua faili hili bila kuwa na mmoja wetu wa kumuuliza?